Ala ya Bastola ya Bwana Nzige

Jumatatu, 3 Machi 1952
Mvua. Nimeshona soli za karani wa boma, moja imegoma kukaa sawa. Kisha akaja Bwana Nzige, yule Mzungu anayefuatilia nzige kule bonde la Rukwa. Anataka ala ya bastola, ya kuvaa mkandani. Mpaka sasa anaibeba katika mfuko wa suruali, imefungwa leso kama karanga za sokoni. Jumamosi alfajiri lori lake linateremka Muze, huko bondeni. Anaitaka kabla ya hapo.

Nikakubali haraka mno. Binti yetu Fides yuko Muze, mimba ya kwanza, mwezi wenyewe ndio huu. Mama yake anataka kuwapo. Lakini goti la mke wangu Skolastika limevimba, ule mteremko hawezi kuushuka kwa miguu, na hakuna gari jingine linaloshuka mvua hizi. Nitamkabidhi Bwana kazi yake, ndipo nimwombe nafasi. Siombi msaada kwa mtu huku kazi yake ni nusu. Skolastika anasema huo ni upuuzi. "Baba Fides, mdomo unao. Mwombe kesho." Nikarudi kwenye soli zangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimekata ile ngozi nzuri iliyotoka Msanzi, niliyokuwa nimeificha. Ngozi ya ala hulowekwa, ikakandamizwa juu ya bastola yenyewe, ikaachwa ikaukie hapo hapo. Ndipo inashika umbo. Nikamwomba Bwana aniachie bastola kwa siku moja tu. Hapana. Sheria. Mwafrika haruhusiwi kulala na bastola ya Mzungu.

Haya. Nikaifanyia kazi barazani kwake, yeye kakaa mbele yangu ananitazama kama vile nitaimeza. Nikilowesha, anafuta. Anaogopa kutu. Sasa ngozi itashikaje umbo bila maji? Saa ya chakula akaichukua bastola yake, akaniachia ngozi imelegea kama chapati. Mzungu huyu ananichosha.

Nimpe haki yake kwa jambo moja: ana adabu. Kila mara alinikabidhi bastola kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu aliyeshika yai. Wengine hututupia vitu.

Jumatano, 5 Machi
Mungu wangu. Skolastika kaining'iniza ngozi juu ya mafiga, eti anisaidie ikauke. Imejikunja, imekuwa ngumu kama gome. Nimepiga kelele. Naye kapiga. Kwaresima yote hii, nimefunga, na nimetukana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ngozi nzuri imebaki kipande kimoja. Nikikosea tena, basi. Fides atajifungua bila mama yake.

Alhamisi, 6 Machi
Alois seremala kanichongea bastola ya mninga kwa vipimo vyangu. Asubuhi moja tu! Kwa nini sikulifikiria hili tangu juzi? Mjinga mimi. Sasa nakandamiza nyumbani kwangu, silindwi na mtu.

Skolastika alitoka mchana na fimbo yake, akarudi ametulia. Habari ya safari haitaji tena. Kunyamaza kwake kunaniudhi kuliko kelele.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimepeleka ala. Safi kabisa. Mshono umenyooka, nta imeshika, ngozi inang'aa. Nikajiambia, leo naomba.

Bwana akaivaa upande wa kushoto. Mpini ukatazama mbele. Akapeleka mkono wa kushoto, akaupinda hivi, akaupinda vile, kama mtu anayejikuna mgongoni. Bastola haitoki.

Wa kushoto! Bwana huyu ni wa mkono wa kushoto! Nami nimemshonea ala ya kulia.

Sefu, mpishi wake, alikuwa mlangoni anacheka mpaka machozi. "Fundi, nisamehe. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia kwetu ukimpa mtu kitu kwa kushoto umemtukana. Tangu hapo, mbele za watu, anajikaza na huo wa kulia."

Wiki nzima nimedanganywa na adabu. Nilitaka kukaa chini kwenye matope.

Ngozi nyingine sina. Nikasema nitairekebisha, nikarudi nayo, nikafumua. Nimeilowesha upya, nimeigeuza ndani nje, nimehamisha kishikizo cha mkanda, nimeshona tena. Sasa ni ya kushoto kweli. Lakini upande wa kung'aa uko ndani, upande wa kukwaruza uko nje. Kazi yangu imevaa nguo kinyume. Na bado ni mbichi. Na bado sijaomba.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka Skolastika hayupo. Nikadhani kawahi misa. Nikakimbia kwa Bwana, ala mkononi, maneno ya kuomba nimeyapanga njia nzima.

Lori lilikuwa linanguruma. Mbele, karibu na dereva, kakaa Skolastika. Kanga mpya. Kikapu cha ulezi miguuni.

Alimwomba Alhamisi, kwa kinywa cha Sefu. Bwana alikubali papo hapo. Habari ya ala hata hakuiuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kushona."

Huyu mwanamke! Bwana akaivaa ala, akachomoa, akachomeka, akapapasa upande ule wa kukwaruza, akasema nzuri. Sijui kama alisema kweli. Lori likaondoka. Skolastika alipunga mkono. Mimi sikupunga, nilikuwa bado nimekasirika.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna habari. Mvua. Udongo wa mteremko ule unateleza vibaya. Ugali wangu una mabonge. Bastola ya mninga iko juu ya meza, sijui ya nini sasa.

Ningempungia mkono tu. Ingenigharimu nini?

Jumatano, 19 Machi
Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nimetoka misa, nikasikia lori, nikaenda.

Bwana kashuka mwenyewe. Ala iko kiunoni kushoto, imejaa matope, umbo halijapotea. Akaniambia Skolastika alifika salama Jumamosi ile ile jioni. Mtoto alizaliwa Jumatatu. Wa kike. Fides mzima. Skolastika atabaki huko mpaka mtoto akaze shingo, na mimi nijipikie.

Skolastika alinitumia samaki wakavu, wamefungwa kwa majani. Bwana akaingiza mkono garini, akawatoa, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. Sefu akakohoa mlangoni. Bwana akashtuka, uso ukawa mwekundu, akataka kubadili mkono.

Nikawahi kupokea, kwa mikono yangu miwili.