Sauti ya Akiru Sokoni

Lodwar, Jumanne

Dada Akiru,

Walicheka. Nimetoka Kakuma hadi huku kutoa maoni kuhusu sheria mpya ya masoko ya mtandaoni, na ukumbi mzima ukacheka.

Nilikuwa nimesema hivi: "Dada yangu alipofariki, kampuni ilifunga duka lake la vikapu na kufuta video zake. Nikilalamika, mashine yao inajibu kwamba mwenye duka aonyeshe uso kwenye kamera. Huo uso tumeuzika. Niongee na nani?"

Mama mmoja akawakemea, "Mnacheka nini? Mwacheni aseme!"

Afisa aliyeongoza kikao alikuwa mpole. "Pole, mama. Sheria ikipita, watalazimika kuweka mtu wa kukusikiliza."

"Na video?"

Akainamisha macho. "Zilizofutwa, mama, hatuwezi kuzirudisha."

Vikapu ulivyoacha nitaviuza hapa kwa bei ya kutupa, maana wateja wako wote walikuwa kwenye soko lile moja. Lakini sauti yako ilibaki kwenye video hizo tu, ukiwasalimu wateja "ejok" kwa Kiturkana chetu kabla ya kuanza kusuka, kisha unacheka kidogo.

Jioni nimejaribu kuisema hiyo ejok kama wewe. Imetoka sauti yangu.

Nimeanza kukusahau, Akiru. Wewe nikumbuke.