Mzee wa Tabla Aliyeguswa Miguu

Mtani wangu Kibwana, hujambo na kitambi chako?

Huku Johannesburg binti yangu kanipeleka kuona Kathak, ngoma ya Kihindi. Mchezaji, njuga tele miguuni, kwanza aliinama akamgusa miguu kwa heshima mpiga tabla, zile ngoma zao mbili ndogo; ni mzee mwenye kipara, rika letu kabisa. Kisha akatamka mapigo kwa mdomo, "ta thei thei tat," mzee akayajibu kwa vidole bila kukosa. Kipande kilipokatika nikapiga makofi, peke yangu. Kumbe hurudiwa mara tatu! Mzee akaninyooshea vidole viwili, yaani bado mara mbili, mkono wa pili bado unapiga. Ukumbi mzima kicheko.

Kibwana, miaka yote tumepiga ngoma harusini, nani alitugusa miguu? Wanatukanyaga tu!

Niombee wivu unitoke, ila baada ya kesho. Narudi kukaa mbele, nimwone akikosea.

Nimekukumbuka, mjinga wewe.

Salehe