Doto Alipopita Bure

Basi dada, yule baba wa dirishani akatoa kichwa, akawatazama watoto mmoja mmoja, akasema, "Bibi, hawa si mapacha. Huyu mkubwa nusu tiketi, huyu mdogo anapita bure. Haya, anayefuata!"

Ngoja. Mama Suzi anasema barua haianzi hivyo, inaanza na salamu. Haya, lakini usifute, karatasi tumenunua. Dada Veronika, shikamoo. Najua marahaba umeshaitikia hata kabla hujasomewa. Mguu vipi? Bado ni ule wa kushoto, au sasa ni yote miwili? Mihogo umeshaimenya? Na yule mbuzi wa pembe moja amezaa, au bado anakudanganya na tumbo lake? Mimi nipo. Sisemi mzima, nasema nipo.

Jambo hili halisemeki kwenye simu. Wewe simu unaiweka kwenye sikio bovu, unaitikia "ee, ee" hata nikiwa nimenyamaza. Halafu simu yenyewe ni ya Sesilia, na Sesilia hajui. Mwanangu hajui kabisa kilichotokea pale dirishani. Ametoka alfajiri, yuko Kirumba, kule sokoni Mwaloni, anachambua dagaa, atarudi jua likizama ananuka dagaa mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo nimekuja hapa kibarazani kwa Mama Suzi, fundi cherehani, jirani yetu. Ameacha gauni la mtu lina mkono mmoja, ananiandikia. Mungu ambariki. Andika na hilo, Mama Suzi, usione haya.

Unajua mimi huku Buswelu nilikuja kwa miezi mitatu tu, kumwogesha Sesilia alipojifungua. Nikakuta mume wake amekwenda kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta. Miezi mitatu ikawa miaka. Ulikuwa ule mwaka ziwa lilipofura likaingia mpaka jikoni kwako, ukapikia juu ya meza. Ndio mwaka waliozaliwa Kulwa na Doto. Mimi umri wao nauhesabu hivyo. Mtu akiniuliza, namuuliza na mimi, ziwa lilijaa lini? Mama Suzi amehesabu kwa vidole, anasema Pasaka ile ya dirishani walikuwa na miaka sita kasoro.

Kulwa akakua, Doto akabaki. Ile sikoseli, dada, inakula mtoto kutoka ndani. Macho ya njano, mikono kama mabua. Unakumbuka enzi zetu za kuandikishwa shule? Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili, umefaa. Wewe ulishika, ukajua kusoma, mpaka macho yalipokutupa mkono. Mimi sikushika, na mwaka uliofuata nilipolishika baba akasema, sasa nani atachunga mbuzi? Ndiyo maana leo naazima mkono wa Mama Suzi. Basi Kulwa sikio alilishika zamani. Doto vidole viliishia kwenye nywele.

Lakini nyumbani tuliwalinganisha. Siku wanazaliwa si wewe uliyeniambia? "Anastazia, mapacha hawapunjani. Ukimpa huyu, mpe na huyu. Ukimgusa huyu, mguse na huyu. Anayepunjwa huwa anaondoka." Nikashika. Mama Suzi shahidi, magauni aliyakata kitambaa kimoja, moja refu, moja fupi, maua yale yale. Karanga nilikuwa nagawa punje kwa punje. Doto akichomwa sindano, Kulwa namfinya kidogo, naye analia, wakimaliza kulia tunarudi nyumbani. Watu walinicheka. Waliponicheka watoto walikuwa wawili.

Sasa narudi dirishani. Ilikuwa Pasaka, tunakuja kwako kwa meli. Foleni ya bandarini unaijua. Nikamwambia yule baba, "Ni mapacha. Kulwa na Doto. Tumbo moja, siku moja."

"Mapacha gani, mmoja anamzidi mwenzake kichwa na shingo?"

"Huyu anaumwa, baba."

"Bibi, mimi sipimi wagonjwa, nakata tiketi. Chini ya miaka mitano bure. Mitano mpaka kumi na miwili nusu. Una kadi zao za kliniki?"

Kadi ziko kwenye sanduku la Sesilia. Nyuma yangu foleni ikachacha. Mama mmoja mwenye ndoo ya nyanya akasema, "Kwani bure si mpaka saba?" Mzee akamjibu, "Saba ni kwenye basi, tena akikaa mapajani." "Basi lipi hilo? Mimi wangu wa mitatu amelipishwa!" "Wako ana ndevu, ndiyo maana." Watu wakaangua kicheko. Mwingine akapaza sauti, "Bibi, unapewa bure unagoma? Pokea tuondoke, meli itatuacha!"

Kila dirisha lina miaka yake, dada. Kwenye basi ana ya mapajani, shuleni ana ya sikio, kwenye meli ana ya ubao wa nauli. Mtoto ni yule yule.

Nataka ulijue hili, na anayekusomea alirudie: hela ya nusu mbili nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye fundo la kanga. Njaa haikunisukuma. Niliona aibu ya wale watu, halafu nikawaza machungwa. Nikasema moyoni, ile ya Doto itanunua machungwa, nitawagawia sawasawa, hapo nitakuwa nimepunja nani? Nikasema, "Haya baba. Huyu mdogo ana minne."

Doto akanivuta kanga. "Bibi, mimi na Kulwa tuna sita."

Nikamfinya. Na Kulwa sikumfinya.

Tulipokaa ndani ya meli Kulwa ameshika tiketi yake kwa mikono miwili, kama komunyo. Doto akaniuliza, "Yangu iko wapi?" Nikampa chungwa. Akalishika, hakulimenya. Akauliza tena, safari hii akamuuliza mwenzake. Kulwa akaitazama ile tiketi, akaichana katikati, akampa nusu. Mimi nikapiga kelele, maana tiketi ya kuchanika ni balaa, na kweli mkaguzi akaja, mama mmoja mnene wa sauti nzito. "Nani kachana hii? Tiketi ya kuchanika si tiketi!" Nikaviunganisha vipande mapajani pangu, nikabembeleza, akalegea. Akamwinamia Doto. "Na wewe mrembo, una miaka mingapi?"

Doto akaniangalia mimi kwanza. Halafu akasema, "Minne."

"Na huyu?"

"Kulwa ana sita."

"Mtoto ana adabu huyu," akasema mkaguzi, akaenda zake. Nikarudisha vipande, kila mtoto chake. Nikaona yamekwisha.

Hayakwisha. Wewe mwenyewe uliona, ila hukujua unachokiona. Unakumbuka Doto alikataa kwenda kuteka maji na wenzake, akasema yeye ana miaka minne abebwe? Ukambeba, na mguu wako huo, ukawa unacheka, "Haya mtoto wa minne, panda punda wako." Nilicheka na mimi. Tuliporudi Buswelu akakataa shule ya awali, ile waliyokuwa wanakwenda wote wameshikana mikono. "Shule ni ya Kulwa. Mimi bado." Sesilia akasema ni ugonjwa unamchosha. Mimi nilijua ni nini, nikanyamaza. Kulwa akawa anakwenda peke yake, akifika kwenye kona anageuka. Nilishindwa kumtazama akigeuka.

Kiangazi kilipoanza maumivu yakamshika. Ya mifupa, unayajua, analia bila sauti. Sesilia yuko Mwaloni, nikamfunga mgongoni mimi, tukaenda hospitali. Na kule pia kuna dirisha. Na pale dirishani pia chini ya miaka mitano halipi. Yule dada wa kuandikisha akaniuliza taratibu tu, hakuwa na ubaya, "Mtoto ana miaka mingapi, Bibi?"

Nikasema, "Sita kasoro."

Doto mgongoni, moto kama chungu, nilidhani amelala. Akaniambia sikioni, "Minne, Bibi. Sema minne. Tunapita bure."

Yule dada akacheka, akasema mjukuu wako mjanja. Nikasema tena, "Sita! Ana sita! Ana mwenzake, wanalingana!" Nilisema kwa nguvu mpaka benchi zima likageuka. Nilidhani nikilisema kwa nguvu, lile la kwanza litafutika. Walimhudumia, dada, siwezi kuwasingizia. Alitundikiwa damu, akapewa kitanda cha peke yake, manesi wakamwita malkia. Siku ya tatu, saa za uji, akaondoka.

Mengine unayajua. Hukuweza kuja kwa ajili ya mguu, na sikukulaumu. Tulimzika Kisesa kwa baba yake, karibu na njia ya kwenda Bujora, kwenye udongo mweusi ule unaonata miguuni. Nilichokuficha ni hiki. Bibi yao wa Kisesa, mama wa yule mume mtafutaji, alinivuta nyuma ya nyumba, akanishika kiganja. Hakunifokea. Akaniuliza, "Mwenzangu, hawa watoto mliwatofautisha wapi?"

Nikamwambia, "Hatujawatofautisha."

Huo ndio uongo wangu wa pili, na huu niliusema juu ya udongo mbichi.

Padri nimemwambia kwenye kitubio. Akasema ni uongo mdogo, nisali rozari, nisijitese. Nesi naye nilimuuliza, akasema ni damu yake, alizaliwa nayo, hata ungemkatia tiketi ya dhahabu. Wote wawili wana elimu. Lakini wao hawakuwepo siku ile uliyoniambia anayepunjwa huwa anaondoka. Uliyesema ni wewe. Kwa hiyo nakusubiri wewe.

Na kilichonileta leo hapa kwa Mama Suzi ni jana. Nilimletea lile gauni fupi la maua, nikitaka alifumue alitie kiraka kwenye lile refu, maana Kulwa amezidi kukua, na kukitupa kitambaa nimeshindwa. Akafumua pindo. Ndani ya pindo kukatoka karatasi imekunjwa mpaka imekuwa kama punje ya mtama. Nusu ya tiketi. Alikuwa ameisukumia humo kupitia uzi uliokatika, mtoto yule, na nguo zimefuliwa mara ngapi? Maandishi yamekwisha. Mama Suzi alikanyaga cherehani tu, bila nguo ndani yake. Usilie, Mama Suzi, unalowesha karatasi.

Sasa Kulwa. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Hatujamwambia mwenzake amekufa. Kwetu pacha halilii kaburi la mwenzake, wewe ndiye unajua. Tulimwambia Doto ametangulia safari. Akauliza, "Alikuwa na tiketi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nusu." Tangu siku hiyo hali mpaka viwekwe viwili. Vikombe viwili, sahani mbili. Kikombe cha pili hakigusi, anakiangalia. Amekonda shingo. Nusu yake ya tiketi anaivaa, ameniomba niishonee kwenye kamba kama hirizi. Jana ameniuliza yeye safari yake ni lini.



Nataka kumleta kwako. Unajua ya kufanya mapacha wanapotenganishwa, wale wa mama mdogo uliwatengeneza wewe, na aliyebaki leo ana wajukuu. Unifanyie. Na kama kuna adhabu ije kwangu, mimi ndiye niliyefinya mmoja. Sesilia nitamwambia tukiwa kwako, nisimwambie peke yangu. Na nikifika lile dirisha nitakata nusu mbili. Nitasema ni mapacha, wana sita wote, hela hii hapa. Lakini yule baba akitoa kichwa akauliza mwingine yuko wapi, na Kulwa amesimama pale anasikiliza, nitamjibu nini? Hilo ndilo nakuomba unitumie, neno la kusema. Mpe yule wa huko anayeleta dagaa Mwaloni, alifikishe kwangu, na Sesilia akiuliza atamwambia ni salamu tu.

Msalimie shemeji, mwambie kikohozi si cha kukizoea, aende zahanati. Msalimie mke wa katekista anayekusomea, mwambie namshukuru kwa sauti yake, na haya yabaki kifuani. Msalimie yule binamu yetu mvuvi aliyewapa watoto samaki mdogo mdogo kila mmoja, alipima urefu kwa kijiti ili walingane. Sikumshukuru siku ile. Na wifi wa ng'ambo ya kijito, ingawa hanisalimii.

Andika hapo chini: mimi mdogo wako, Anastazia, uliyenibeba mgongoni. Kalamu ni ya

Ngoja, Mama Suzi. Unasikia? Ni Kulwa huyo, anaita toka mlangoni. Hajaita kwa sauti namna hiyo tangu

"Bibi! Bibi, uji unapoa! Wangu na wa Doto!"

Nakuja, mama. Nakuja. Acha tu hapo, Mama Suzi, uikunje hivyo hivyo. Nakwenda.