Isidori, Ile Sehemu ya Mwanamke Ulimwachia Nani?

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipoanguka pale gereji kwako Bweri, hapa Musoma, spana ikiwa bado mkononi, ukatuacha bila hata kuaga. Tulikuzika kwenu Butiama, jirani na babu, ng'ombe wa baba mdogo Apolinary wakituangalia kutoka ng'ambo ya uzio. Wewe na utani wako ungecheka.

Tunakukumbuka kwa roho yako nyepesi. Mtu akiharibikiwa na gari njia ya Majita, ulipanda bodaboda na begi la spana mgongoni, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumbani ukila sato ulianza na kichwa, lakini macho ulimtengea Mama, maana ulijua anavyoyapenda.

Na tunakukumbuka kwa nyimbo zako za Kijapani. Asiyekufahamu atashangaa, kwa hiyo tumweleze. Zile gari za mitumba kutoka Japani zilikuwa zikifika na kaseti zilizosahauliwa ndani ya redio. Mafundi wengine walizitupa. Wewe hukutupa hata moja. Ulizisikiliza umelala chini ya injini miaka nenda miaka rudi, nyimbo za mapenzi za zamani, sauti zinatetemeka kama za mtu anayejizuia kulia. Ukayaandika maneno kwa herufi zetu nyuma ya maboksi ya filta, ukasema Kijapani kinakaa mdomoni vizuri kama Kizanaki chetu.

Kisha Boniphace wa vyombo vya muziki akaanza kufunga maspika na televisheni ukumbini Nyakato kila Jumamosi jioni, watu waje waimbe wenyewe. Vijana walikuja siku za mwanzo, wakachoka. Waliobaki ni rika lenu: wauguzi, walimu wanaosubiri kustaafu, wauza dagaa wenye miwani ya kusomea. Boniphace akakutafutia mtandaoni muziki wa nyimbo zako usio na sauti ya mwimbaji. Ukishika maiki, hakuna aliyeelewa neno hata moja, na labda ndiyo maana kila mtu aliweka humo mambo yake ya ujana. Tumewaona watu wazima wanajifuta machozi halafu wanasingizia moshi wa mishikaki.

Wimbo wako mkubwa ulikuwa wa watu wawili. Mwanamume anaimba, mwanamke anamjibu. Wewe uliimba ya mwanamume, na ikifika zamu ya mwanamke ulishusha maiki ukanyamaza, muziki ukapita peke yake. "Hiyo ni ya kwako, Mama Nyangi," ulimwambia Mama. "Naiachaga wazi mpaka siku aibu itakutoka." Mama alikuwa kiti cha mbele, amejifunika uso kwa kitenge, ukumbi mzima unapiga makofi. Mama yetu Matrida ni mwanamke wa kwaya, tena wa mstari wa nyuma, hapendi kutazamwa. Lakini katika ndoa yenu yote hakuna kitu alichojivunia kama ule ukimya wako.

Ulipoondoka alichukua ile kaseti akaihamishia jikoni. Mwanao Nyangi alikuwa akimkuta anaimba mbele ya sufuria ya ugali, mwiko umesimama, akirudia sehemu moja mpaka ugali unaungua. Mwaka mzima, Baba. Alikuwa na mpango wake: siku ya kumbukumbu, misa ikiisha na watu wakiwa kaburini, Boniphace awashe muziki, na yeye akujibu. Aibu ilikuwa imemtoka.

Wiki tatu zilizopita akaenda Nyakato kumwomba Boniphace maspika, na akamwimbia ili amsikilize. Boniphace alifurahi kwelikweli.

"Mama Nyangi, kumbe unajua hivi na ulikuwa unatuficha! Ila pale mwisho mdogo wako anaivutaga zaidi."

"Mdogo wangu yupi?"

"Si Dorah wa Bunda? Jumatano nikipeleka vyombo kule, mzee alikuwa anakuja kufuata spea, jioni wanaimbaga wote wawili. Alituambia ni shemeji yake, mdogo wako wa tumbo moja."

Mama ni kitinda mimba, Baba. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote, wewe uliyekuwa ukimtania kwamba alipozaliwa yeye bibi alifunga duka. Boniphace alipouona uso wake akaanza kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kesho yake Mama alikwenda Bunda bila kutuaga. Njia nzima alikuwa anapanga matusi, ametuambia mwenyewe, na mengine hakuwahi kuyatamka tangu azaliwe. Alitegemea kukuta kibinti. Akakuta fundi cherehani wa rika lake, futi imening'inia shingoni, goti linamsumbua. Yule fundi aliposikia kuwa ni mkeo alisimama akasema, "Pole kwa msiba, dada." Matusi yote yakamkauka Mama mdomoni, na hilo nalo lilimuudhi.

"Hakunigusa," Dorah alisema. "Mungu ananiona. Tulikuwa tunaimba tu."

"Angekugusa ningejua la kufanya," Mama akamjibu. "Ningekuzaba vibao, yangeisha."

Dorah akalia. Akaeleza kwamba ulimwambia mkeo hapendi nyimbo, kwamba ukiimba nyumbani anakufokea, na kwamba Jumatano ndiyo siku pekee ambayo moyo wako unapumua. Kisha akaongeza neno jingine, akidhani anamfariji Mama. "Alikuwa ananiambiaga, kule Musoma sehemu yangu anaiacha wazi. Hataki mtu mwingine aiimbe. Ananyamaza, ananikumbuka mimi."

"Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele," Mama akasema.

Hilo ndilo linalomtafuna, Baba, na sisi linatutafuna kwa sababu tunamwona. Wapo wanaume waliotoka kwenye hii dunia wakaacha watoto wa nje, wake zao wakawapokea msibani na kuwapa uji. Wewe hukuacha mtoto. Umeacha ukimya mmoja, ukawagawia wanawake wawili, na kila mmoja aliambiwa ni wake peke yake. Sasa Mama anazirudia Jumamosi zote kichwani, moja baada ya nyingine. Ule wimbo ulipofika zamu ya mwanamke, macho yako yalikuwa kwake au yalimpita yakaenda Bunda? Anamuuliza Nyangi, anamuuliza mwanao Gody, amemuuliza hata Boniphace, ambaye siku hizi akimwona anabadilisha njia. Wa kujibu ni wewe, na tumekuzika.

Ulitusaliti, Baba. Tunaliandika wazi kwa sababu nyumbani limeshasemwa na paa halijaanguka. Ungemwambia Mama mara moja tu, "Njoo Bunda Jumatano, kuna mtu anaijua ile sehemu," angekuja. Angenuna kidogo, angekuja, angeimba. Badala yake ulimfanya mkeo mtu wa kufokea nyimbo, yeye ambaye hajawahi kukufokea hata ulipolaza kaseti zako kwenye kabati la vyombo.

Dorah aliomba jambo moja kabla Mama hajaondoka. Hakuweza kuja kuzika, hakujua ajitambulishe kama nani, kwa hiyo aliomba jina lake liwepo kwenye tangazo hili la kumbukumbu. Hapo nyumba iligawanyika. Gody alisema hilo jina likiandikwa, lake lifutwe. Baba mdogo Apolinary alipiga simu kutoka Butiama akasema mambo ya marehemu yafunikwe, wazee hawapendi. Nyangi alilia tu. Mama alikataa, akaenda kulala, akaamka akiwa bado anakataa. Baadaye, akichambua mchicha, akasema liandikwe. "Lisipoandikwa watu wataniona mjinga asiyejua," alisema. "Najua. Waandikie kwamba najua."

Misa ya kukuombea itasomwa Butiama Jumamosi hii asubuhi, na baada ya misa tutakwenda kaburini kwako. Muziki hautakuwepo. Mama atakuja, na atakaa mbele, kwa kuwa ndoa ni yeye aliyeifunga.

Unakumbukwa na mkeo wa ndoa, Matrida; wanao Nyangi na Gody, ambaye tumemwomba jina lake libaki na amekubali akiwa amenuna; mdogo wako Apolinary na ukoo wote wa Butiama; mafundi wako wa Bweri; wenzako wa Nyakato; na Dorah wa Bunda, ambaye si mdogo wa mtu yeyote hapa.

Siku zote utakuwa mawazoni mwetu. Tulimsomea Mama sentensi hiyo kabla ya kulipeleka tangazo, akasema ni nzuri, tuiache, ila yeye tumtoe humo.

"Hiyo ya siku zote iwe yenu nyinyi," alisema. "Mimi nimehangaika mwaka mzima kujifunza kumjibu. Sasa niacheni nijaribu kumsahau. Nikishindwa, mtaniona."