Mtani Niliyemnyamazia

Mke wangu mpenzi, Mama Nuru,

Salamu nyingi zikufikie hapo Newala, wewe, Nuru na Bakari, pamoja na mama yangu kule Kitangari. Kikohozi cha Nuru kimekwisha? Mvua ziliwahi kujaza kisima, au bado mnateremka bondeni na ndoo? Na mikorosho je, mmepata salfa ya kupulizia kabla maua hayajaungua? Najua utacheka kwamba Mmakonde hata akiwa ughaibuni lazima aulizie maji. Cheka tu, maana ukoo wenu wote wa Kimakua unanitania hivyo tangu siku ya posa.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui nikuambie nini.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zetu sisi tulio kwenye kazi hizi zinasikilizwa. Wenyewe walituambia wazi kwamba watasikiliza, maana watu hawa hawafichi jambo. Barua nimempa mwanafunzi mmoja wa Tabora aliyeruhusiwa kuondoka kwa ugonjwa. Mungu akimfikisha, ataituma kutoka huko.

Kwenye simu nimekuwa nikikuambia nafundisha. Mama Nuru, hapa hakuna anayefundisha tena kama zamani. Jirani yao aliwavamia, hilo halina ubishi, majengo yaliyobomolewa nimeyaona kwa macho yangu. Basi chuo chote kikaingia vitani. Walimu wa jiografia wanachora ramani za jeshi. Wa hisabati wamefungiwa kwenye jumba lao, wanafumbua ujumbe wa siri wa adui. Mama mmoja wa historia hupelekwa mpaka kwenye mahandaki kuwaeleza askari jinsi bibi na babu zao walivyopigania haki ya kuchagua wanaowatawala. Siku moja nilimsikiliza nikatokwa na machozi. Hata ile elimu yangu ya lugha, ambayo ulikuwa ukiniuliza inalimwa kwa jembe gani, ikapata shamba.

Idara yetu iliitisha mkutano. Swali lilikuwa moja: tukubali kazi za jeshi, na kila atakayeingia asitoke nchini mpaka vita viishe au kamati imruhusu? Mimi mgeni nami nikapewa kura sawa na maprofesa. Unanijua nilivyo mtu wa vikao, hata mikutano ya chama cha msingi cha korosho nilikuwa nabishana mpaka wazee wanaulizia chakula. Niliponyoosha mkono wa kukubali, niliunyoosha juu kuliko wote. Niliamini, na bado naamini, kwamba watu hawa wana haki ya kujilinda. Sikufikiri tu kwamba vita vitanenepa hivi na Bakari atanijua kwa sauti ya simu peke yake.

Ndiyo maana niliomba ruhusa ya kuja kuwaona. Sikukuambia, nilitaka nikushtukize mlangoni. Kamati ikasema ombi langu watalijadili.

Katikati ya kungoja huko wakaniita kutafsiri maneno ya mateka. Chumba kile kina meza, jagi la maji, na mwanasheria ambaye kazi yake ni kuhakikisha mateka hapigwi. Na kweli hapigwi. Wakamwingiza mwanamume mmoja mweusi, mkono umefungwa bendeji. Anaitwa Hamisi. Aliitwa na upande wa pili kuja kufanya kazi ya kufungasha samaki kiwandani, akafika akavalishwa magwanda. Nilipomuuliza kwao ni wapi, akaisikia lafudhi yangu, akaacha kujibu, akanitazama usoni.

"Ala! Huyu si Mmakonde huyu?" akasema. "Umetakata, bwana! Kumbe mkivushwa ng'ambo mnaoga?"

Mama Nuru, sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe. "Na wewe Mmakua, panya wa huku umewaonja?"

"Baridi, mtani. Hawatoki shimoni. Nimekonda, unaniona!"

Tukacheka. Tulicheka kama tuko kwenye ngoma Masasi, mimi nimeshika meza, yeye anajifuta machozi kwa bendeji. Tulipotulia, chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi.

Wakaniuliza mlikuwa mnasema nini. Nikawaambia kweli yote, maana ndiyo kazi yangu: kwamba Mmakua humcheka Mmakonde kwa shida ya maji, na Mmakonde humcheka Mmakua kwa kula panya. Nikawaeleza utani ni nini, kwamba mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kuku wako humdai, na neno alilokuambia mtani humgeuzii likawa kesi. Nikawaeleza na jinsi wajomba zako walivyojilaza kaburini siku ya maziko ya baba, wakagoma kutoka, na sisi wafiwa tukajikuta tunacheka. Nilieleza vizuri, nilijiona mwalimu hasa. Bwana mmoja wa elimu ya mila, mtu mpole mno, alikuwa anaandika kila neno.

Siku ya kikao kilichofuata, yule bwana akasimama na pendekezo. Alisema nimewapa ufunguo. Mateka huyu, kuhusu vita, hafungui mdomo kwa askari wala kwa mwanasheria, lakini kwa mtani wake atasema kila kitu. Kwa hiyo niwe namtania, kwa mpango, mpaka aseme kama bunduki aliyokamatwa nayo aliishika kwa kulazimishwa au kwa kupenda. Aliyelazimishwa hubadilishwa na mateka wengine, akarudishwa kwao. Aliyependa hushtakiwa.

Nikapinga. Nikasema utani ukiutumia hivyo si utani tena, ni mtego. Wakanisikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyenikatiza. Kisha wakapiga kura, mikono ikapanda yote isipokuwa wangu. Katibu akaandika kwamba nimepinga, na mwenyekiti akanishukuru kwa kusema mawazo yangu kwa uhuru. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akasema kazi ya Hamisi ikikamilika ombi langu la ruhusa litakuwa la kwanza.

Hapo ndipo nilipoona nilivyobanwa. Angenifokea ningemkasirikia, nami ningepata nafuu. Lakini hakuna aliyenitisha. Sheria inayonifunga nimeipigia kura mwenyewe, na kura iliyonishinda ilikuwa halali. Hata wa kumchukia sina.

Nilikwenda, mke wangu. Nilikwenda kwa ajili yenu. Nikamtania Hamisi naye akanitania. Akaniambia mama yake anauza mihogo ya kuchoma karibu na stendi ya Masasi, na kwamba hana habari kama mwanawe yuko hai. Mimi natafsiri, yule bwana wa mila anaandika. Tulipoagana Hamisi akaniinamia, akasema, "Kesho nitakuambia jambo, mtani. Linanikaa hapa kifuani, na wewe tu ndiye wa kuambiwa." Nikalitafsiri na hilo. Wote wakafurahi.

Kesho yake kabla ya kuingia, mwenyekiti alinipigapiga begani, akaniuliza watoto wangu wana umri gani.

Hamisi alikuwa ameshakaa. Akaniona akachangamka. "Karibu, Mmakonde! Leo umeoga tena? Utamaliza maji ya wenyewe!"

Sikumjibu. Nilimsalimu kwa jina lake, kikavu, kama karani wa mahakama. Akadhani nafanya mzaha. Akaniambia sura yangu imekuwa kama kinyago kilichokosewa na fundi. Nikatazama meza. Akajaribu tena, safari hii sauti imeshuka.

"Nimekukosea, mtani?"

Nikaligeuza swali lile neno kwa neno katika lugha yao, nikaacha hapo. Hamisi alinitazama. Kisha akamtazama yule bwana mwenye kalamu, akanirudia mimi. Nadhani alielewa kwamba utani wetu umegeuzwa mtego. Akasema, "Sina la kusema," na hajasema kitu tena mpaka leo.

Unaweza kuniona shujaa, lakini usiharakishe. Lile jambo la kifuani sikulijua. Labda lingemfikisha mahakamani. Labda lilikuwa neno la kumwokoa, la kuonyesha alivyolazimishwa, na mimi nimelizima. Naliwaza nikila, naliwaza njiani, na hakuna ninayeweza kumuuliza, maana nimeondolewa kwenye kazi ile. Ombi langu lilijadiliwa, nikapewa nafasi ya kujitetea, nikashindwa kwa kura.

Kwa hiyo siji, Mama Nuru. Sijui lini. Mwambie Nuru unavyoona inafaa. Bakari mwonyeshe picha, asije akanikimbia siku nikifika.

Mpe shikamoo mama mkwe huko Masasi, na wajomba zako wasalimie wote, hata yule anayeniita mtumwa wake. Msalimie kaka yangu mkubwa, mwambie shamba la bondeni alime tu asiningoje. Shangazi aliyetulelea Nuru mwambie namkumbuka.

Sasa nina ombi moja, na kiapo changu cha kazi hapa kinanikataza kuliandika. Panda basi uende Masasi, umtafute yule mama wa mihogo. Mwambie Hamisi yuko hai na hapigwi. Usiende peke yako, wewe ni Mmakua mwenzake, hamtaniani. Nenda na mama yangu. Yule mama akisikia huyu ni Mmakonde wa Kitangari, ataanza kumtania hata kama analia, ndivyo mlivyo. Basi mwambie mama amjibu. Amjibu kila neno, asiliache hata moja.

Wako mumeo anayekupenda,
Baba Nuru