Bibi Yangu Uliyeandikwa Mpagani

Bibi yangu,

Esta kakumwagia maji sasa hivi. Kikombe kizima. Nilikuwa nasonga ugali, nikasikia kiti kinaburutwa, kugeuka namkuta kasimama juu yake mbele ya picha yako, ile ya kitambulisho tuliyokwenda kuikuza studio. Maji yanachuruzika kwenye kioo. Nikapiga kelele, "We Esta, una nini?" Wala hakuogopa. Kanijibu, "Nazima moto, mama. Bibi mkubwa anaungua."

Kumbe Jumapili mwalimu wao kawafundisha kwamba asiyebatizwa anakwenda motoni. Mtoto kakaa na neno hilo tangu juzi, hajaniambia, hajamuuliza mtu. Kawaza peke yake, leo kaja na kikombe. Ana miaka minne na nusu tu, Bibi.

Nimekufuta kwa kanga, nimekurudisha ukutani. Ugali umeshika chini, nimeuacha. Nimechukua daftari lake la kuchorea, nimekaa kizingitini nakuandikia. Najua husomi. Hata ulipokuwepo hukuwa unasoma, mie ndo nilikuwaga nakusomea hadi karatasi za dawa. Basi barua hii siifungi, asome yeyote anayetaka.

Jumapili ijayo Esta anabatizwa. Katekista anapita leo jioni kuchukua jina la mama wa ubatizo. Nilishampa jina la Mama Prisca, jirani yetu wa ukuta mmoja, akalikataa. Kasema Mama Prisca ameachana na mumewe, si mfano mzuri. Kanipendekezea mke wa mzee wa kanisa, na nisipokubali, Esta asubiri hadi mwakani. Jibu ninalo. Lakini limetoka kwako, kwa hiyo nataka nilipitie na wewe kwanza.

Unakumbuka siku uliyonipeleka mie kuandikishwa mafundisho? Nilikuwa na miaka minane, mama hana hata mwaka kaburini. Ulinivalisha gauni la bluu lililonipwaya, ukanishika mkono kutoka huku kwetu Manzese kwa Mfuga Mbwa hadi kanisani, kwa miguu. Katekista wa wakati ule alikuwa mzee mmoja mpole mwenye kikohozi. Akauliza dini ya mlezi. Ukasema, "Mie nafuata wazee wangu." Akaandika, halafu akakusomea alichoandika: mpagani.

"Mpagani ndo nani?"

"Ndo asiye na dini, mama."

Ukasema, "Haya, andika. Ila andika na jina langu, asije akadhani mtoto hana mtu."

Njiani nikakuuliza kwa nini unanipeleka mahali ambapo wewe mwenyewe huendi. Ukaniambia, "Mama yako alitaka usali. Basi utasali." Na kila Jumamosi ulinisindikiza. Mie naingia, wewe unakaa nje kwenye benchi la fundi viatu, unamsimulia habari za Newala na za Babu aliyekuwa anachonga mpingo, hadi tutoke. Miaka miwili hukukosa. Kuna wenzangu wazazi wao walikuwa wanakwaya, na bado walikuwa wanakuja peke yao.

Halafu nikakuaibisha. Mie ndo nilidhani nimekuaibisha. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza la saba tu, naimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, nikashika mimba ya mtu aliyezima simu mwezi huohuo. Mwenyekiti wa kwaya aliniita, akaniambia nirudishe sare. Iliyofuliwa, tena, alisema hivyo. Nikaja nyumbani nimeikumbatia, nalia hadi kwikwi. Wewe ulikuwa unachambua mchicha. Ukauliza, "Kwani inayoimba ni sare?" Nikalia zaidi. Ukaniambia nikae, ukanipa mchicha nichambue, ukasema nyumba hii imekosa mtoto siku nyingi. Basi. Hukuniuliza hata jina la mwanaume. Nilikuja kukutajia mwenyewe mimba ikiwa ya miezi saba, ukasema, "Haya."

Esta alipotimiza siku arobaini, wewe ndo uliyesema niwaite wenzangu wa jumuiya waje wamwombee. Mie sikutaka. Nilisema hawa hawa wanaonipita sokoni kama hawanijui? Ukasema, "Mtoto si wa kwako peke yako, waite." Ukanunua mchele wa Mbeya, ukakaanga samaki wa Kunduchi uliowafuata mwenyewe asubuhi, ukapika maharage ya nazi. Halafu ukafanya jambo ambalo kwenu ndo heshima kubwa. Ukachukua unga wa mtama, ukaumwaga kidogo kidogo kwa vidole hadi ukawa kijilima, huku unawaambia wazee wako kwamba leo tuna wageni, wawapokee vizuri, wawalinde hadi warudi kwao. Kwenu mngeuweka chini ya mti. Manzese mti uko wapi? Ukauweka mlangoni.

Wakaja wanane, Mama Prisca, kiongozi wao, mbele. Akanyanyua mguu kuingia, akauona ule unga, mguu ukabaki juu.

"Jamani, msikanyage! Hapa pametegwa!"

"Ashindwe!"

"Ashindwe na alegee! Nilijua tu. Mtoto wa watu anazalishwa nyumba ya mizimu."

Nawaona hadi leo wanavyorudi kinyumenyume, wamekumbatia vitabu vya nyimbo. Mie nimesimama na Esta begani. Wewe ukatoka jikoni na mwiko, ukauliza, "Mbona wanarudi? Chumvi imezidi?" Na hata kijiko walikuwa hawajashika.

Nikakueleza walichodhani. Niliona umeumia, Bibi, usinikatalie. Ulifuta ule unga kwa kiganja, taratibu, ukaukunja kwenye kitambaa. Kisha ukaanza kupakua kwenye mahotpoti. Nikasema siendi, bora nife. Ukaenda mwenyewe, nyumba nane, na magoti yale. Kwa Mama Prisca alikupokea hotpoti mlangoni, akalimwagia kuku wake hapohapo unatazama. Ukarudi, nikakuuliza amesemaje. Ukaniambia, "Kuku wake wanakula vizuri." Nilicheka huku nina hasira, hadi Esta akaamka.

Miezi sita haikuisha, mume wa Mama Prisca akamtupia godoro nje, yeye na Prisca, akaingiza mwanamke mwingine. Mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia. Wale saba waliorudi naye kinyumenyume walisema mambo ya ndoa hayaingiliwi, tumwombee tu. Wewe ulivuka ukuta, ukashika upande mmoja wa godoro, ukamwambia, "Shika huko, mwanangu, mie peke yangu siwezi."

Nilikufuata chumbani nikakusema kwa kunong'ona. "Bibi, huyu si ndo yule wa kuku?" Ukasema, "Ndo huyo. Tandika."

Hapo ndo ulipofanya lile ninalolifikiria kila siku. Ulikuwa na kile chungu chako kidogo pembeni ya kitanda, na kibuyu, na kitambaa cha unga. Ukavikusanya vyote ukavipeleka banda la kuku, ukavifunika na gunia. Nikakuuliza kwa nini, hii si nyumba yako? Ukasema, "Mgeni akiogopa hatalala." Wazee wako ukawa unaongea nao kule bandani miezi mitatu, kwa sababu ya mtu aliyekuita mchawi, hadi alipopanga chumba chake upande wa pili wa ukuta wetu.

Na yeye, huko ndani, kila jioni anasali kwa nguvu. Anakemea roho za ukoo, anakemea mizimu, anakemea kila kilichofichwa nyumba hii kwa siri. Na wewe upo palepale kwenye mkeka, umekunja miguu, unaitikia "Amina!" kuliko sie wote. Nikakuuliza, "Bibi, unajua anamkemea nani?"

"Anikemee tu. Ana machungu."

Sasa huwa nabishana na wenzangu mnadani wakisema wapagani hawana upendo kwa sababu hawana Mungu. Nawauliza, nani kawaambia? Lakini na mie sitaki kukupamba, wala kuwapamba wenzio. Ulipopooza upande, kaka yako alikuja kutoka Newala, Babu Mkubwa, mtu wa matambiko kuliko wewe. Unakumbuka alivyomfukuza Mama Prisca mlangoni? "Mtu wa kanisa asimguse dada yangu, atamharibia njia ya kwenda kwa wazee." Yeye mwenyewe hata kikombe cha maji hakukushikia. Alikaa kwenye kiti cha nje anauliza chakula kiko tayari saa ngapi. Yeye na wewe wazee wenu ni wamoja, na unga ni uleule.

Mama Prisca alisubiri Babu Mkubwa aende msalani, akapita. Akawa anapita kila siku hivyohivyo, hadi Babu Mkubwa akachoka kulinda mlango. Alikuogesha, alikugeuza, alikusafisha yale ambayo mie mjukuu wako nilikuwa nageuza uso. Siku moja nikamsikia anakuuliza kwa sauti ndogo, sabuni mkononi, "Bibi, nikuitie mchungaji ubatizwe?"

Ulimi ulishakuwa mzito, lakini ulisema, nikasikia vizuri. "Mwanangu, wewe niogeshe tu."

Akacheka, akalia, akakuogesha. Hakurudia kuuliza tena. Alikuachia wazee wako kama ulivyomwachia Yesu wake.

Siku ya kukuzika kanisa halikuja, wewe si muumini. Wana jumuiya walikaa mbali kwenye kivuli, wamefunga vitenge, hawajui waimbe au wasiimbe. Babu Mkubwa alimwaga unga wake, akamaliza. Nikaona Mama Prisca anasogea. Akaimba wimbo mmoja peke yake, beti zote, sauti inakwaruza, macho anaangalia chini. Ubeti wa tatu wawili watatu wakaitikia kutoka kule kivulini. Babu Mkubwa alinuna, ila hakumzuia. Wiki iliyofuata jumuiya wakamvua uongozi, kwa hilo la kaburini na la ndoa pia. Akaniambia, "Mama Esta, bora. Nilikuwa nachoka kubeba madaftari."

Basi Bibi, mtu akiniuliza leo nani anapenda watu zaidi, mpagani au Mkristo, mie namjibu bila kumung'unya maneno: niliyeona anapenda kuliko wote aliandikwa mpagani, na aliyemfuatia ni Mkristo aliyejifunza kwake. Wengine wote niliowaona, wa unga na wa maji, nawaombea. Na mie ni Mkristo, siachi. Nimerudi kanisani, naimba sauti ya kwanza tena, na sare nimeshona mpya. Nikisomewa habari za yule aliyekula na watu ambao wenzake waliwakimbia, sihangaiki kumuona sura. Namuona anavuka ukuta, kashika godoro.

Esta nimeshamkalisha. Nilimwambia, "Bibi haungui." Akanibishia, "Mwalimu kasema." Nikamwambia mwalimu hakumjua bibi, mie nilimjua, na Mungu alimjua kabla yangu mie. Akaniuliza, "Kwa hiyo yuko wapi?" Nikasema sijui nyumba yenyewe, ila najua yuko na watu, maana wewe huwezi kukaa peke yako. Karidhika. Kaenda kucheza. Na huyo mwalimu nitamfuata Jumamosi, kwa adabu, nimwambie watoto wadogo awafundishe kwanza kupenda, habari za moto watazikuta mbele.

Nimeshaamua na la katekista. Mwanangu asishikwe na mikono ya mtu nisiyemjua kwa sababu tu ndoa yake haijavunjika. Akikataa tena, Esta atasubiri mwakani. Na mwakani nitampa jina lilelile. Naogopa kidogo, sikufichi. Watu watasema mtoto wa nje, mama wa ubatizo aliyeachika, ukoo wa mizimu, vyote kwa mpigo. Ila naogopa kama mtu anayejua anakwenda wapi. Wewe ulisomewa lile neno mbele yangu, na bado uliketi kwenye benchi la fundi viatu miaka miwili ukinisubiri. Mie nashindwa nini?

Nakuaga hapa kabisa, maana nikishaanza pilika za jioni sitarudi kwenye daftari. Pumzika na watu wako, Bibi, na Babu, na mama. Wasalimie wote, hata wale nisiowajua majina.

Ni mimi mjukuu wako,
Mama Esta.

Nilitaka kusahau: lile jina lake halisi, la Mama Prisca, nimemuuliza leo asubuhi tunafua, kwa sababu katekista haandiki Mama Fulani. Kaona aibu kama msichana. "Skolastika," kasema, "lakini huyo mzee atakataa tu, usijisumbue, shosti." Nikamwambia atajua mwenyewe. Nimelifanyia mazoezi nisilikosee, na akiniuliza kwa nini huyu, nitamwambia tangu mwanzo, habari za kuku, za godoro, za sabuni, nitamwambia asimame hapo hapo mlangoni hadi nimalize, na kama kalamu yake inaona uzito basi anipe mie niandike mwenyewe, kwa sababu mwanangu mie nataka siku atakapokuwa mkubwa awe na mtu wa

Mama Prisca ananiita uani, "Mama Esta, njoo huku, mgeni wako huyu kafika na kitabu chake, uso kaukunja," naja, Bibi, naja, namwendea hivi hivi na mikono ya unga, na la kwanza nitakalomwambia ni jina lenyewe, Skolastika.