Mama wa Maziwa wa Taimur

Kwa jina la Allah, Ambaye hakifichiki Kwake kilichomo vifuani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Madinat Sultan Qaboos, Maskat
9 Safar

Kwa mdogo wangu mpenzi Balqis binti Humam, Tanga.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu nnakuuliza hali yako, na lile goti lako, na wajukuu kama wamekwisha kupona kikohozi. Sisi huku miili ni mizima, nnamshukuru Mola. Darsa yangu ya wanawake ya Jumatatu nimeisimamisha wiki ya tatu sasa. Nimewaambia nnaumwa, na si uwongo mtupu.

Barua hii inakufikia kwa mkono wa Mwanaidi, yule binti wa Pongwe uliyetutafutia aje kutusaidia kazi za nyumba. Usistaajabu kumwona amerudi mapema hivi. Nnataka uyajue mambo kwa mpango wake.

Alipofika, hajatimiza hata wiki mbili, Nawar, mke wa mwanangu Badr, alijifungua kwa kupasuliwa. Alipata mwana, Taimur, lakini mwenyewe akabaki hospitali, hali yake mbaya. Mtoto tukaletewa nyumbani. Maziwa ya kopo akayakataa, kila akinywa hutapika, na siku ya tatu sauti yake ya kulia ilikwisha kuwa nyembamba kama ya paka. Asubuhi hiyo niliingia chumba cha kufulia nikamkuta Mwanaidi ameinamia sinki, anayakamua maziwa yake yaende na maji.

Akanipigia magoti. Akaniambia kwamba ameacha mtoto wa miezi minne kwa mamaake, jina lake Yassin, na kwamba wakala hawachukui wanaonyonyesha, ndiyo maana akasema hana mtoto. Aliniapia kuwa kazi ataiweza, nisimrudishe. Nami sikuwa na fikra ya kumrudisha. Nilimuuliza kama ataridhia kumnyonyesha Taimur. Alikwenda akanawa, akakaa, akanyoosha mikono apewe.

Nikawakusanya watu wa nyumbani nikawafundisha kama nilivyofundishwa: kwamba kwa sharia huyu sasa ni mama wa Taimur, na Yassin wa Pongwe ni nduguye, na asiitwe tena mtumishi mbele yangu. Jirani yangu Noof akanitania kwamba mjukuu wangu akija kutaka mke itabidi kwanza aulize Pongwe nzima, asije akaposa dadaake. Mwanaidi alicheka mpaka shungi likamwanguka. Ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona akicheka hivyo.

Ila ada moja ya nyumba hii sikuibadilisha. Simu ya msichana wa kazi hukaa katika droo ya kabati langu mchana kutwa, naye hupewa baada ya magharibi. Sikuona ubaya wake, kwani nyumba zote za mtaani ndivyo zifanyavyo.

Siku ya ishirini na moja tukamfanyia Taimur akika. Ilikuwa Alkhamisi, na Nawar alikuwa ametoka hospitali siku mbili kabla. Nyumba ilijaa wageni, na Mwanaidi alishinda baina ya sinia za wali na mtoto. Jioni alikuwa hoi, nikamwambia akalale, simu ataichukua kesho. Ijumaa asubuhi akaifungua, akampigia mamaake, akaambiwa kwamba Yassin alishikwa na homa ya degedege, amefariki Alkhamisi magharibi, na saa ile wanatoka kwenda kumzika.

Nguo yake ilirowa kifuani, maziwa yakimtoka yenyewe, na Taimur chumba cha pili akilia. Akaenda akamnyonyesha. Baadaye akanisimulia kwamba mamaake alipiga mara nne ile Alkhamisi, kwa kuwa Yassin alikuwa hanyamazi ila kwa sauti yake yeye, na mara ya nne simu ilipokewa kisha mtandao ukakatika. Akasema hapana wa kulaumiwa. Nyumba ilijaa wageni, nani angesikia simu ndani ya droo?

Balqis, mimi nilisikia.

Nilikuwa chumbani nnatafuta ubani. Nilipokea mimi. Mamaake alidhani ni mwanawe, akasema kwa pumzi moja: Radhi zangu juu yako, mwanangu, sema naye, msemeshe tu akusikie, tunakwenda hospitali. Kisha akamwekea mtoto simu. Nikamsikia Yassin akilia, sauti nyembamba kama ile ya Taimur siku ya tatu. Mwanaidi alikuwa ukumbini, hatua kumi kutoka niliposimama. Nikakata. Nikaizima simu, nikafunga droo, nikarudi kwa wageni na ubani wangu.

Usinitafutie udhuru. Nilichelea akisikia atataka kuondoka siku ile ile, na maziwa yakatike kwa majonzi, na Taimur arudie kutapika. Nilimfanya mama kwa mjukuu wangu, nikamnyima kuwa mama kwa mwanawe. Sijui kama sauti yake ingemponya. Ajali ya kila nafsi i mikononi mwa Allah. Nnajua ingemnyamazisha.

Wiki tatu nimefungua kinywa nimwambie, kikanishinda. Sasa Nawar ameanza kumnyonyesha Taimur mwenyewe, na Mwanaidi anarudi kwao; leo nimemwambia kwamba humu mna jambo langu juu yake. Mwite, na mamaake awepo, uwasomee yote, usiruke neno. Atakalohukumu, nnalipokea, akisema atanidai mbele ya Mola, haki ni yake.

Alipokuja kuniaga alinibusu mkono, akanikumbusha Taimur asilazwe chali akishanyonya. Kisha, kama wafanyavyo wasafiri, akaniomba nimsamehe kama aliwahi kunikosea.

Nami, Balqis, nikamwambia: Nimekusamehe.

Allah akuhifadhi wewe na wote walio chini ya dari yako, aijaze nyumba yako utulivu, amfanye Yassin kitangulizi chema cha mamaake huko Peponi, na asikujaalie kubeba nnalolibeba mimi.

Wassalaam.
Dada yako,
Sayyida binti Humam